Sikukuu za Nyumbani ni Shule: Tunayoweza Kujifunza kwa Waairishi

(Hotuba hii ilitolewa hapa Lanet kwa wazazi wa jumuiya ndogo ndogo, Jumamosi moja ya mwezi wa Machi karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrisi. Tunaichapisha kwa ombi la wazazi waliokuwepo, na pia kwa ajili ya wale waliozuiwa na kazi ya shamba.)



Akina baba, akina mama, vijana wetu, na wewe shosho uliyeketi pale mlangoni na fimbo yako, asanteni kwa kuja. Najua huu ni mwezi wa Machi. Mvua imeanza kunukia, mbegu ziko ndani ya nyumba, na kila mtu hapa ana kipande cha shamba kinachomngoja. Kwa hivyo sitawaweka mpaka jioni.

Nianze na kitu ambacho karibu kila sufuria ya Lanet imekipika wiki hii: viazi. Viazi hivi vinavyotoka Molo, Elburgon na Mau Narok, wengi wetu tunaviita "Irish" tu. Sasa nawauliza, je, viazi vilizaliwa Ireland? La. Asili yake ni milima ya Andes, kule Amerika ya Kusini. Vilifika Ulaya katika karne ya 16, vikaingia Ireland, na Waairishi maskini wakavilima na kuvitegemea mpaka jina lao likashika. Ndivyo urithi ulivyo, ndugu zangu. Si lazima kitu kianzie kwako. Kinakuwa chako ukikilima, ukikila pamoja na watoto wako, na ukiwaeleza hadithi yake.

Leo nataka tuongee juu ya hiyo hadithi. Tuongee juu ya sikukuu tunazofanya nyumbani, na kile ambacho watoto wetu wanabaki nacho sahani zikishaoshwa.

WAAIRISHI WALIOISHI KATI YETU

Mtu anaweza kuuliza, Waairishi wanatuhusu nini sisi watu wa Lanet? Wanatuhusu sana. Shirika la Mtakatifu Patrisi, wale mapadre tunaowaita wa Kiltegan, lilianzishwa tarehe 17 Machi 1932 katika kijiji cha Kiltegan, wilaya ya Wicklow. Walifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ilifunguliwa na wao, kuanzia Eldoret mpaka Turkana. Nakuru ilipotengwa iwe eneo lake lenyewe la kanisa mwaka 1968, ilikabidhiwa kwa padre wa Kiltegan. Mwaka 1971 ndipo tulipopata askofu wetu Mwafrika, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, ambaye wazee hapa wanamkumbuka kwa namna alivyosema bila woga wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990.

Lejio ya Maria, ambayo akina mama wengi hapa ni wanachama, ilianzishwa Dublin mwaka 1921. Aliyeileta Afrika Mashariki ni msichana Mwairishi, Edel Quinn, aliyefika mwaka 1936 akiwa mgonjwa wa kifua, akazunguka kwa magari mabovu mpaka nguvu zikamwishia. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, na kaburi lake liko huko. Hospitali ya Mater ya Nairobi ilianzishwa na masista Waairishi mwaka 1962. Na kule Iten, Bruda Colm O'Connell alikuja mwaka 1976 kufundisha katika shule ya Mtakatifu Patrisi, akaishia kuwafunza wakimbiaji ambao dunia nzima inawajua, David Rudisha akiwa mmoja wao.

Mimi mwenyewe nililelewa katika parokia iliyokuwa na padre mzee Mwairishi. Kila Machi dada yake alikuwa akimtumia bahasha yenye majani matatu matatu, yale wanayoyaita "shamrock". Barua ilichukua wiki nyingi, na majani yalifika yamekauka kama majani ya chai. Hata hivyo padre aliyabandika kifuani siku ya tarehe 17 na kuyavaa siku nzima.

Mwaka mmoja bahasha haikufika. Padre alitoka nje, akainama katika shamba la viazi la katekista, akang'oa kale kagugu kenye majani matatu ambako sisi sote tunakalaani tukipalilia, akakabandika kwenye koti. Tulicheka sana. Akatuambia kwamba mama yake alimpachika jani la namna hiyo kila mwaka tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa, na kwamba akiacha kulivaa atakuwa kama amemwacha mama yake mlangoni. Sisi watoto hatukuelewa. Mimi nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, tena kwa uchungu.

FIMBO YA SHINGONI

Waairishi walitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi. Ardhi yao ilichukuliwa, dini yao ilipigwa marufuku kwa sheria kali, na lugha yao ilidharauliwa. Katika karne ya 19, watoto wengi wa Ireland walivalishwa kijiti shingoni. Kila mara mtoto aliponena neno la lugha ya nyumbani, kijiti kilikatwa alama moja. Jioni mwalimu alihesabu alama na mtoto akachapwa kwa hesabu hiyo.

Naona mnatikisa vichwa. Wengi wetu tulivaa kile kibao shuleni, ile "diski", kwa kosa la kuongea lugha ya mama. Nani hakuvaa hapa? Hata mikono haiinuki! Basi sisi na Waairishi tumesoma darasa moja.

Halafu ikaja njaa. Mwaka 1845 ukungu ulishambulia viazi, ule ule ugonjwa wa kuunguza majani ambao wakulima wetu wanaupulizia dawa kila msimu wa mvua. Maskini walikuwa hawana chakula kingine. Mpaka mwaka 1852, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli kwenda Amerika na kwingineko. Waliokufa na waliohama wengi ni wale waliokuwa bado wanaongea Kiairishi. Baada ya hapo wazazi wenyewe wakaanza kuwakataza watoto lugha ile. Walisema haina faida, mtoto ataitumia wapi Amerika?

Serikali yao huru, tangu mwaka 1922, imeifundisha lugha hiyo shuleni mwaka baada ya mwaka. Lakini leo wanaoitumia kila siku nje ya shule ni wachache sana. Kumbe lugha ikitoka jikoni, mwalimu peke yake hawezi kuirudisha.

Lakini kitu kimoja hakikufa. Sikukuu za nyumbani hazikufa. Walizibeba kwenye meli. Tena maandamano makubwa ya Mtakatifu Patrisi hayakuanzia Ireland, yalikuzwa na wahamiaji katika miji ya Amerika kama Boston na New York tangu karne ya 18. Aliyeondoka nyumbani ndiye aliyeona haja ya kushika sikukuu, kwa sababu ndiye aliyeona inaweza kumponyoka.

NYUMBANI KWANGU

Sasa niseme la kwangu. Nilipokuwa nasomea diploma ya kazi za jamii tulifundishwa kutojiweka katikati ya hadithi. Leo naomba ruhusa nivunje sheria hiyo.

Mimi ni Mkikuyu, mzaliwa wa upande wa Molo. Mume wangu ni Mjaluo wa Siaya. Binti yetu wa kwanza tulimpa jina la mama wa mume wangu, kama desturi ya kwetu inavyotaka. Kila Krismasi tulipanda gari kwenda Siaya. Dani, yaani bibi, alikuwa akimpakata mtoto na kumwimbia.

Halafu ikaja Januari 2008. Sitaeleza mengi, kwa sababu kila mtu hapa ana yake. Nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 1,100, na laki nyingi wakahama makwao. Mnaukumbuka uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulivyojaa mahema. Mume wangu alifichwa siku nne na jirani yetu, mama wa kabila langu, nyuma ya magunia ya mahindi. Mama huyo yuko hapa leo na amenikataza kumtaja.

Baada ya hapo mume wangu aliacha kuongea Kijaluo nyumbani. Hakutangaza, aliacha tu. Aliogopa mtoto asije akatamka neno moja mahali pabaya, steji au kwa kinyozi. Mimi nami niliacha Kikuyu ili asijione mgeni katika nyumba yake. Tukabaki na Kiswahili na Kiingereza cha shule. Krismasi tukawa tunakaa hapa hapa Lanet, tunanunua soda na kuku wa kukaanga, tunawasha televisheni. Siaya tulituma pesa kwa simu. Tulijiambia tunalinda watoto, na kwa kweli tulikuwa tunawalinda. Sitaki mtu atuhukumu, wala mimi simhukumu yeyote aliyefanya hivyo.

Desemba 2016 tuliitwa Siaya, Dani alikuwa mgonjwa. Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Aliingia chumbani, mimi nyuma yake. Dani alimshika mkono, mtoto mwenye jina lake, akaanza kumwambia maneno. Aliongea muda mrefu, polepole, akimtazama machoni. Mtoto akanigeukia akaniuliza, "Mama, anasema nini?"

Mimi sikujua. Baba yake alikuwa nje na wazee. Nilimwambia, "Anakusalimia." Nilidanganya. Hakuna mtu anayesalimia muda mrefu namna ile.

Dani alifariki mwezi wa Februari. Mpaka leo hatujui alimwambia nini. Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, na ameniuliza mara nyingi. Sina jibu la kumpa.

Hapo ndipo nilipokumbuka yule padre na kagugu kake. Hakuwa anacheza. Alikuwa anajua mlango unavyoweza kufungwa bila mtu yeyote kuusukuma.

SIKUKUU ZAO, NA ZETU

Nilianza kuuliza na kusoma juu ya sikukuu za Waairishi, nione jinsi maskini wale walivyoweza kushika mambo yao bila pesa. Niwaeleze chache.

Ya kwanza ni mshumaa wa dirishani. Mkesha wa Krismasi, familia inaweka mshumaa dirishani, na mara nyingi mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuwasha. Maana yake ni kwamba Maria na Yosefu wakipita hawatakosa mahali katika nyumba hii. Wazee wao husimulia pia kwamba wakati Misa ilipokuwa imekatazwa, mwanga huo ulimwonyesha padre nyumba salama. Gharama yake ni mshumaa mmoja.

Ya pili ni sikukuu ya Mtakatifu Brigida, tarehe 1 Februari. Watoto na wazazi wanasuka msalaba kwa matete na kuuweka juu ya mlango, kuomba ulinzi wa nyumba. Sisi tayari tunasuka misalaba ya makuti Jumapili ya Matawi, kwa hiyo mikono yetu inajua kazi hiyo. Mwaka 2023 serikali ya Ireland iliifanya sikukuu ya Brigida kuwa mapumziko ya taifa. Nyumba ndizo zilizoishika kwanza kwa mamia ya miaka, serikali ikafuata.

Tofautisha na sisi. Tarehe 10 Oktoba tumeijua kama Siku ya Moi, kisha Siku ya Huduma, kisha Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira. Sikukuu ya serikali inabadilishwa jina ofisini. Sikukuu ya nyumbani haibadiliki mpaka mama na baba waiache.

Ya tatu inahusu chakula. Mwisho wa Oktoba, usiku wa kuamkia Watakatifu Wote, Waairishi hupika viazi, wakaviponda pamoja na kabichi au majani kama sukuma wiki, wakaongeza maziwa na siagi. Akina mama wa Kikuyu mnacheka, mnajua hiyo ni mukimo iliyokosa mahindi! Zamani walificha pete au sarafu ndani yake. Anayeipata pete, wanasema, ataolewa au ataoa kabla ya mwaka kwisha. Watoto wanakula mpaka sufuria inang'aa wakiitafuta, na bibi anapata nafasi ya kusimulia habari za marehemu wa ukoo, maana Novemba ni mwezi wa marehemu.

Ya nne itawafurahisha akina mama. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana, hasa kule Cork na Kerry, inaitwa Krismasi ya Wanawake. Siku hiyo wanaume wanapika na kuosha vyombo, akina mama wanatembeleana na kunywa chai. Akina baba, msiangalie dari! Mama aliyesimama jikoni tangu tarehe 24 akikanda chapati za watu ishirini, hiyo siku moja ni haki yake. Tena ni Januari, ile tunayoiita Njaanuari, kwa hivyo chai ya rangi inatosha.

Ya tano ni Misa ya nyumbani. Tangu siku za mateso, majirani wa Ireland wana desturi ya kukusanyika katika nyumba ya mmoja wao kwa Misa, zamu kwa zamu, kisha wanakunywa chai pamoja. Mwenye zamu anapaka rangi na kusafisha ua. Hii nayo ni jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndizo ziwe msingi wa kanisa letu, Waairishi waliokuwa hapa hawakuona jambo geni.

TUKIFUNGA MLANGO

Lakini sitaki mwende nyumbani mkidhani kila urithi ni mzuri. Waairishi wenyewe wana funzo lingine, la huzuni.

Kule Ireland ya Kaskazini kila tarehe 12 Julai Waprotestanti wengi husherehekea ushindi wa Mfalme William katika vita vya mto Boyne, mwaka 1690. Kwao ni siku ya familia: baba anavaa vazi la babu yake, watoto wanabeba bendera. Lakini maandamano yalipopitishwa mbele ya nyumba za Wakatoliki, mara nyingi ilikuwa ni njia ya kusema, "Tuliwashinda, na tutawashinda tena." Wakatoliki nao walikuwa na siku zao na nyimbo zao za kulipiza. Mawe yakaruka. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi mapatano ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998, watu zaidi ya 3,500 waliuawa. Wakristo kwa Wakristo.

Je, sisi hatujui hayo? Tumewahi kuona nyimbo za harusi na za jando zikiimbwa katika mikutano ya siasa mpaka mtu wa kabila lingine anafunga duka na kujificha. Wimbo ni ule ule, mdomo ni ule ule. Kilichobadilika ni mlango. Ukiimba mlango ukiwa wazi, ni urithi. Ukiimba umeufunga na kumwacha jirani nje, huo wimbo umekuwa panga.

Na Mtakatifu Patrisi je? Yeye hakuwa Mwairishi kwa kuzaliwa. Alizaliwa Uingereza, akatekwa akiwa kijana wa miaka kama 16, akauzwa Ireland, akachunga mifugo miaka sita kama mtumwa. Alitoroka, akafika kwao. Halafu katika karne ya 5 alirudi kama askofu, kwa watu wale wale waliomfunga, akajifunza kuishi nao na kuwapenda. Sikukuu ya taifa la Ireland ni sikukuu ya mgeni waliyemtesa akawasamehe. Sisi watu wa Nakuru tunayo sababu ya kuifikiria hiyo kila tarehe 17 Machi.

Neno dogo juu ya pombe. Siku hizi ukitaja Mtakatifu Patrisi, wengi mjini wanafikiria bia ya kijani. Lakini kule kwao, kwa muda mrefu mpaka miaka ya 1960, vilabu vilifungwa siku hiyo. Asubuhi ilikuwa Misa, mchana chakula cha familia. Ninyi mnajua ninavyozunguka mitaa yetu kila Januari kwa ajili ya nyumba ambazo sikukuu ilinywewa yote na karo ikakosekana. Mtoto anayekumbuka Krismasi kwa ngumi za baba yake amerithi pia. Swali ni amerithi nini.

TUFANYE NINI?

Sasa tunalofanya nyumbani kwangu tangu mwaka 2017. Mkesha wa Krismasi kitinda mimba wetu anawasha mshumaa dirishani. Tunataja majina ya mababu wa pande zote mbili, Molo na Siaya. Mezani kuna mukimo ya mama yangu, na kuna samaki na mboga za kienyeji za kina Dani. Mume wangu anatoa sala kwa Kijaluo, mimi namaliza kwa Kikuyu, watoto wanaitikia wanavyoweza. Mwaka wa kwanza alipofungua mdomo kwa lugha yake, sauti ilimkatika. Miaka tisa hakuwa ameomba kwa lugha ya mama yake mbele ya wanawe. Na yule mama jirani ana kiti chake pale mezani kila mwaka.

Hatujamaliza safari. Watoto wanaongea vipande vipande. Lakini wakipiga simu Siaya, shangazi yao haongei na ukuta.

Nawapendekezea mambo sita, chagueni hata mawili:

1. Kila nyumba ichague siku moja ya mwaka iwe yake, mbali na Krismasi. Inaweza kuwa siku ya kuvuna mahindi ya kwanza, siku ya kumkumbuka babu, au sikukuu ya msimamizi wa ukoo.

2. Siku hiyo ipikwe chakula kimoja cha upande wa baba na kimoja cha upande wa mama, na watoto washike mwiko. Mtoto anayekula tu hajajifunza kupika.

3. Kila chakula kiwe na hadithi. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli waliagizwa kwamba mtoto akiuliza maana ya karamu ya Pasaka, mzazi amweleze walivyotolewa Misri. Sasa watoto wetu hawaulizi kwa sababu televisheni inaongea. Izimwe saa moja.

4. Lugha ya mama ipewe nafasi. Usingoje mtoto aende ushago. Anza na salamu na sala. Baba na mama wa makabila mawili, kila mmoja aongee yake bila kuona haya. Mtoto ana kichwa cha kutosha.

5. Mkaribisheni jirani mmoja wa kabila lingine. Aone, aonje, aulize. Nanyi mwende kwake zamu yake ikifika.

6. Msikope. Sikukuu isizidi mfuko. Mshumaa, viazi na hadithi havihitaji mkopo wa simu.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Mimi naongeza kwamba anayeshika mila kwa kumfungia jirani nje naye ni mtumwa. Tushike zetu huku mlango ukiwa wazi.

Naona chai imefika. Kabla hamjasimama, naomba kila mmoja atakayeenda nyumbani na kumkuta mzazi au bibi yake bado yu hai, leo jioni amuulize swali moja tu: "Ulipokuwa mdogo, sikukuu mlifanyaje?" Halafu akae chini, asikilize mpaka mwisho. Na kama kuna neno hulielewi, uliza maana yake leo. Mimi nilichelewa.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Watoto wetu wanajua majina ya babu na bibi wanne? Tuwaulize na tuone.

2. Ni desturi gani ya sikukuu tuliyoiacha baada ya mwaka 2008, au tangu tulipohamia mjini? Ipi inafaa kurudishwa, na ipi ni afadhali ibaki ilipo?

3. Katika jumuiya yetu, ni nani hana mtu wa kula naye sikukuu? Mwaka huu tutamkaribisha nyumba gani?

4. Akina baba wako tayari kwa ile siku ya tarehe 6 Januari? Tuandike majina.